Neno la Mukagatare

Barua ya Mukagatare ilirudi Jumatatu saa nne asubuhi, imejaa wino mwekundu kana kwamba mtu amechinjia kuku juu yake. Kalisa, karani wa shirika lililokuwa likishughulikia watoto waliopotezana na jamaa zao, hakumpa mkononi. Aliiinua juu ili foleni nzima iione.

"Wewe mama," alisema, "hii ni Kiingereza ya wapi?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha foleni, kile ambacho mtu hucheka ili zamu yake isije ikaharibika. Mukagatare hakucheka, wala hakuinamisha uso. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kumi na minane kati ya hiyo aliitumia Bukavu akipiga taipu katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa. Katika miaka yote hiyo hakuna bosi aliyewahi kumrudishia barua. Lakini zile zilikuwa za Kifaransa, na sasa upepo ulikuwa umegeuka. Ilikuwa Julai 1997. Watu walikuwa wamerudi Rwanda kutoka kila upande. Waliolelewa Uganda walikuja na Kiingereza chao, waliolelewa Kongo kama yeye walikuja na Kifaransa na Kiswahili, na katika ofisi za misaada hapa Kamembe ni Kiingereza kilichofungua milango.

Basi Mukagatare alijifunza mwenyewe. Alikuwa na kijitabu kimoja kilichong'oka kurasa za mwanzo na za mwisho, na pale kijitabu kilipokatika alijaziliza kwa Kifaransa. Neno likifanana tu, alilichukua. Ni kama kuazima kiatu cha jirani: kitakubana, lakini utafika.

"'Adress'," Kalisa alisoma. "D mbili, mama! 'Familly.' L moja! 'Responsable.' Hapa ni i, si a! Shuleni kwetu ungelala na matako yanawaka."

Hakuwa akitania. Kalisa alisoma Mbarara, kule Uganda, kwenye shule ambayo kila herufi iliyokosewa ilikuwa na fimbo yake. Mtu aliyenunua tahajia kwa matako yake hawezi kukaa nayo kimya. Alikuwa kijana wa suruali iliyonyooshwa vizuri, si mbaya wa moyo, ila cheo kilikuwa bado kinamwasha kama shati jipya.

Akaendelea kusoma, kisha akasimama. Akairudia sentensi ile polepole. "'I assisted the death of my brother.'"

Akamtazama. "Mama. Wewe ulisaidia kumuua kaka yako?"

Kicheko kikakatika. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mwaka ule ambao hakuna aliyeutaja bila kushusha sauti, na katika foleni ile hakuna neno lingine ambalo lingeweza kuwafanya watu wasogee hatua moja mbali na mwenzao. Walisogea. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Mukagatare, Nabintu wa Kadutu kule Bukavu, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemmegea muhogo, alishika mkono wa mwanawe.

"Nilisaidia?" Mukagatare alisema, na sauti yake ikamtoka vibaya. "Nani alisema nilisaidia? Nilikuwa pale! J'ai assisté! Nilimushika kichwa mupaka akakata roho!"

"Karatasi inasema ulisaidia."

"Karatasi haina macho, Papa. Miye niko nayo."

Kalisa aliguna. Labda aliona amefika mbali, kwa maana aliteremsha sauti. Akamwonyesha mstari wa mwisho, aliouzungushia duara mara mbili. "Na hapa. 'I demand the child of my brother.' Kwa ofisi hii hakuna mtu anademand. Rekebisha, lete kabla ya Alhamisi saa sita. Ijumaa asubuhi lori inabeba watoto wote wasio na mtu, wanaenda kituo kikubwa cha mashariki. Wakishafika kule, mama, mimi sina mkono mrefu hivyo."

Mtoto mwenyewe aliitwa Izabayo, msichana wa miaka tisa. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, na aliyembeba mgongoni mpaka akajua kukimbia alikuwa shangazi yake huyu. Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, walikuwa watatu barabarani: Mukagatare, kaka yake Anastase na Izabayo. Risasi ilimpata Anastase shingoni, na hakuna anayejua mpaka leo imetoka bunduki ya nani. Mukagatare alikuwa na mikono miwili tu. Mmoja ulimshika mtoto. Alipomwona kaka yake anaanguka aliuachilia ule mkono mdogo akamshika yeye kichwa, na umati uliokuwa ukikimbia ukambeba Izabayo kama maji ya mvua yanavyobeba jani. Kwa miezi minane alimtafuta kwa mdomo na kwa miguu. Alijua kosa lake na hakulipunguza. Kila usiku aliuangalia mkono wake wa kushoto, akauchukia.

Kisha Jumapili moja, kwenye orodha iliyobandikwa ukutani karibu na kituo cha watoto cha Gihundwe, akaliona jina. Mtoto alikuwa ameokotwa mbali, upande wa Shabunda ndani ya Kongo, akarudishwa pamoja na wengine. Kupitia uzio Mukagatare alimwona akiosha sahani, amerefuka, amekonda, amenyolewa kichwa. Aliita. Mlinzi akamwambia kelele hapana, kwanza karatasi. Utaratibu ulitaka barua ya Kiingereza, ndipo mtoto aitwe aulizwe maswali. Bila barua kupita, hakuna maswali, na Ijumaa ilikuwa inakuja.

Jumanne alfajiri alipanda lori la saruji lililokuwa likirudi tupu kiwandani Muganza. Dereva, mcheshi mmoja wa kabila la Washi aitwaye Muderhwa, alimkalisha mbele na kumwuliza kama anakwenda kutafuta mume kiwandani.

"Naenda kutafuta neno," alijibu.

"Maneno yako mingi, Maman. Bamume njo banakosekana," alisema Muderhwa, akacheka peke yake mpaka bonde la Bugarama, kilipo kiwanda.

Ladislas alikuwa mtunza stoo wa kiwanda. Ujanani waliimba kwaya moja Bukavu, yeye sauti ya chini, Mukagatare ya juu. Vitabu vya mashine vilikuwa vya Kiingereza, kwa hiyo Ladislas alijinunulia kamusi nene na kuisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Aliifungua juu ya gunia, akapangusa vumbi la saruji kwa kiganja, na wakaanza.

"'Assist'," alisema. "Kusaidia. Aliyeshika panga na aliyemshikia taa, wote banaassist. Kwa Kifaransa unaassister mazishi, unaassister misa, maana yake uko pale tu. Kwa Kiingereza, hapana. Iko mutego ile."

Mukagatare alikaa chini. Alilia bila kujifunika uso, kwa hasira na kwa aibu pamoja. Alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, akapeleka kwa miguu yake mwenyewe, kwamba amemuua Anastase. "Ondoa," alisema. "Ondoa leo hii."

"Tutaandika 'I was present'."

"Andika. Na zile d na zile l, weka zote kama wanavyozitaka. Sina ugomvi na herufi."

Wakaenda mstari kwa mstari. Ladislas alikuwa mwalimu mpole, na Mukagatare hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Kabla ya saa sita alikuwa anamwuliza maswali ambayo ilimbidi Ladislas avae miwani kuyajibu. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, na huyu hakuwa hata mjinga kwa kuanzia. Walifika kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa pia ni Kifaransa kimekudanganya," alisema Ladislas. "Demander ni kuomba. Unademander chumvi, unademander njia. Lakini 'demand' ya Kiingereza…" Akafuata kwa kidole. "Ni kutaka kitu kwa nguvu, kama muntu mwenye haki. Haiko kuomba. Ni kudai."

Nje, zamu ilikuwa inabadilishana, wanaume weupe kwa vumbi wakitoka, wengine wakiingia.

"Rudia," alisema Mukagatare.

"Kudai. Ukiandika vile, Mzungu wa ofisi ile anasikia uko unamugombeza. Andika 'request'. 'I kindly request.' Inateleza vizuri."

"Na request njo nini?"

"Kuomba, dada yangu. Kuomba kwa adabu."

"Ladislas, mutoto ni wa nani?"

"Ni wako. Nani anakatala?"

"Sasa naomba namna gani kitu yangu?"

Ladislas alivua miwani. Alikuwa mtu aliyepita vita viwili kwa kujifanya mdogo, na hakuona aibu katika hilo, maana alikuwa hai. "Mnyonge hana haki," alisema. "Na mwomba chumvi huombea chungu chake. Kuomba haiko aibu. Weka neno tamu, upate mutoto, mambo yaishe."

"Chumvi ni ya jirani," alisema Mukagatare. "Hiyo nitaomba, hata kwa magoti. Izabayo haiko chumvi. Nilimubeba huku mugongoni. Nilimuachilia mara moja, na sasa nipite mbele ya bantu niseme naomba? Kama vile yeye ni blanketi la msaada? Hapana. Nilikosea kuandika, lakini Mungu aliniwekea neno lenyewe mu mukono. Linabaki."

"Watakukatalia!"

"Wanikatalie na neno langu mukononi."

Ladislas alimnakilia ukurasa ule wa kamusi kwa kalamu ya risasi, huku akitikisa kichwa. Alimpa na ndizi mbili za njiani.

Jumatano aliipiga barua upya kwa mashine yake ya zamani, juu ya meza alipozoea kuwaandikia watu barua kando ya barabara ya Gihundwe. Alisoma kila neno kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kama alivyofundishwa ofisini, ili jicho lisidanganywe na maana. 'Address', d mbili. 'Family', l moja. 'I was present at the death of my brother.' Hapo alipumzika kidogo. Kisha akapiga mstari wa mwisho, na kwa neno lile alipiga kila herufi mara mbili, likatoka jeusi kuliko mengine yote.

Alhamisi saa tatu alikuwa wa nne kwenye foleni. Kalisa alipitisha kalamu yake juu ya karatasi, nayo haikushuka. Ilipita 'address', ikapita 'family'. Alipofika 'present' alikohoa na kusema, "Vizuri sana, mama," na alimaanisha. Kisha kalamu ikasimama.

"Hii umesahau."

"Sikusahau."

"Nilikuambia 'demand' ni makosa."

"Jumatatu ilikuwa makosa," alisema Mukagatare, "juu sikujua maana yake. Leo najua. Leo haiko makosa tena."

Alimwekea karatasi ya Ladislas mezani. Kalisa hakuitazama. "Mama, mimi nataka kukusaidia. Neno moja tu. Ninakuandikia 'request' juu yake kwa mkono, nagonga muhuri, unaenda."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na nisimfanye Mukagatare jiwe. Muhuri ulikuwa pale, umbali wa kiganja. Ijumaa ilikuwa kesho. Aliwaza lori, aliwaza kichwa kile kilichonyolewa, akajiuliza kama anamwuza mtoto kwa ajili ya kiburi. Alitaka kusema ndiyo. Mdomo ulifunguka kusema ndiyo, na kilichotoka kilikuwa: "Ukigusa hiyo barua kwa kalamu, nitaipasua hapa na nitaandika ingine, na ile ingine itakuwa na neno hilo mara kumi."

"Neno gani hilo?" aliuliza Nabintu kutoka nyuma. Tangu Jumatatu hakuwa amemsemesha.

Mukagatare aligeuka. "Wanataka niandike naomba mutoto wa kaka yangu. Miye nimeandika nadai."

Foleni ikanong'ona. Mwanamke mmoja akasema huyo atatuharibia. Nabintu akaitazama barua yake mwenyewe, aliyoandikiwa na mtu kwa malipo ya kuku. "Na yangu imeandika nini?" akauliza. "Papa Kalisa, yangu imeandika naomba?"

"Imeandika vizuri," alisema Kalisa.

"Nauliza imeandika nini!"

Kelele zilimtoa mkuu wa ofisi chumbani mwake, Mzungu mrefu wa nywele za mvi, ambaye kila mtu alimwita Madame tu. Aliuliza kuna nini. Kalisa alisimama, akanyoosha shati, akaeleza kwa Kiingereza. Mukagatare alisikiliza maneno yakipita upesi upesi, hakuyashika, mpaka likapita moja analolijua.

"Hapana!" alisema. "Nimesikia 'request'. Sikusema request. Mwambie neno langu."

Kalisa aliona aibu mpaka masikioni. Mtu amekudharau kwa lugha yake, kisha akagundua unamsikia: hakuna uchi kama huo. "Mama, kwa Kiingereza neno hilo ni la jeuri."

"Hata kwa Kiswahili kudai haiko neno tamu. Ni la muntu mwenye walimukamatia kitu yake. Mwambie vile, yote, usipunguze. Weye Papa, kule Uganda bazazi bako baliomba mangapi? Baliomba kuishi, baliomba kulima, baliomba weye usome. Baliomba hata mahali pa kuzikia. Hawakuchoka?"

Kalisa aliiokota ile barua mezani. Kisha akamgeukia Madame na kusema polepole, sentensi kwa sentensi, na mara hii neno lilitoka mdomoni mwake zima, "demand", na baadaye tena, "demand". Madame alikunja uso. Alimtazama Mukagatare kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala. Alisema jambo fupi, la mtu aliyeudhika.

"Anauliza," alisema Kalisa, "kama mtu anayedai haogopi kukataliwa."

"Mwambie naogopa sana. Niko natetemeka, aone." Akanyoosha mikono yake mbele, na kweli ilikuwa ikitetemeka. "Lakini nadai."

Madame aliiangalia ile mikono. Akachukua barua, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, akairudisha kwa Kalisa bila kuandika kitu juu yake. Alisema mtoto aletwe.

Waliomleta walimsimamisha mlangoni, kama utaratibu ulivyotaka, ili asiambiwe la kusema. Kalisa aliuliza kwa Kinyarwanda na kisha kwa Kiswahili: unamjua mtu yeyote hapa?

Izabayo aliwatazama wote, mmoja mmoja. "Ni Tantine Mukagatare, shangazi yangu," alisema. "Aliniachilia mukono."

Chumba kizima kilimgeukia Mukagatare. Alikuwa anajua kwamba siku hiyo itakuja, ila hakujua itakuja mbele ya watu.

"Njo vile," alisema. "Nilikuachilia. Ilikuwa miye, haikuwa muntu mwingine. Nimekuja."

Mtoto hakukimbilia mikononi mwake. Alikuja kwa hatua zake, akasimama kando yake, akashika upindo wa kitenge, si mkono. Mukagatare akaona ndiyo haki yake. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

Kabla ya karatasi za mwisho aliomba ruhusa dakika moja. Alimfuata mpishi wa kituo, Uwamariya, aliyekuwa amemsindikiza Izabayo na sasa anarudi kwenye masufuria yake. Akampigia goti kama anavyopigiwa mkubwa, akamshika mikono yote miwili. "Aksanti kwa kila sahani," alisema. "Aksanti Maman, Mungu akuone." Uwamariya alimwinua kwa haya, akisema si kitu.

Kisha akarudi mezani. Fomu ilikuwa imepigwa chapa nakala nyingi, ileile kwa kila mtu. Alisoma mwenyewe, kidole chini ya maneno. Mwishoni, juu ya mstari wa sahihi, palikuwa na maneno matatu. La kwanza alilielewa.

"'Received', nimepokea. Na hii 'with thanks' njo nini?"

"'Kwa shukrani'," alisema Kalisa. "Iko kwa fomu zote. Hata za mahindi."

Mukagatare alichukua kalamu. Akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya maneno mawili ya mwisho, akatia sahihi yake ya ofisi, ile ya Bukavu, yenye mkia mrefu.

"Mama, jamani," alinong'ona Kalisa. "Hata shukrani?"

"Juu ya chakula nimeshatoa aksanti, na aliyepika ameisikia," alisema Mukagatare. "Juu ya mutoto, hapana. Hakuwa wenu."

Kalisa aligonga muhuri. Mukagatare alikunja nakala yake, akaiweka kifuani, akatoka nje na Izabayo ameshika kitenge, na nyuma yao Nabintu alikuwa amefika mezani na anauliza neno lile linaandikwaje.